Kifua cha Meki

Josepha wa Kumsenga aliposhuka kwenye basi pale Kasulu hakutaka hata chai, maana kilichomleta mjini si chai. Mjukuu wake Melkiadi alikuwa amerudi kutoka Dar, amepasuliwa moyo, na yeye hakuwa amemtia machoni tangu alipopelekwa huko. Kwenye simu walimwambia mtoto anaendelea vizuri. Vizuri! Kwani nani amewahi kuambiwa vibaya kwenye simu?

Alimkuta mkekani, mashavu yamejaa, anapiga sufuria kwa kijiko. Josepha akaganda mlangoni, mdomo wazi. Mtoto aliyemlea kule Kumsenga alikuwa mifupa mitupu, akinyonya kidogo tu hoi, jasho linamtoka kama mtu aliyetoka kulima. Huyu katokea wapi?

"Mwakeye, mama, karibu," alimwamkia binti yake, Loyce. "Mbona husogei? Si Meki wako huyo!"

Akasogea, akamnyanyua, akapenyeza kiganja ndani ya shati, juu ya kovu, pale alipozoea kumshika. Zamani kifua kile kilitetemeka na kuvuma mchana kutwa, ungedhani kuna mashine ya kusaga humo ndani. Akasubiri. Kimya.

"Yoo! Loyce! Mwanangu, wamekudanganya!" Akaketi chini puu, kamkumbatia mtoto. "Wameutoa moyo! Hamna kitu humu! Mtoto anakufa nawe umesimama unanichekea!"

Loyce hakuwa akicheka tena. Alipiga magoti, akauchukua mkono wa mama yake, akauweka kwenye kifua chake mwenyewe.

"Unasikia nini?"

"Sisikii..." Josepha akamkodolea macho. "Hata wewe?"

"Kandamiza kidogo. Tulia."

Kweli, kwa mbali, kitu kikagonga, taratibu. Haraka akarudisha kiganja kwa Meki, ambaye alikuwa ameanza kumvuta kilemba. Nako kukagonga vilevile.

"Moyo mzima hauna makelele, mama. Kule kuvuma ilikuwa damu inapita kwenye tundu. Wameliziba."

Josepha akakiacha kiganja palepale, juu ya kovu.

"Ina maana ule mvumo ndio ulikuwa ugonjwa?"

"Ndio huo."

"Na uliposema mtoto hakui, umpeleke hospitali, mimi nilikujibu nini?"

Loyce akainama, akaokota kijiko. "Yameshapita hayo, mama."

"Nilikujibu nini, Loyce?"

"Ulisema tungoje. Ulisema mtoto mwenye moyo unaonguruma vile hafi leo wala kesho."

Josepha akamkumbatia mjukuu wake kwa nguvu, akaanza kutetemeka asiweze kujizuia, na Meki akaangua kicheko, akidhani bibi anamchezesha.