Sanduku la Stathis Kutsoyanis

Kijijini kwetu kuna nyumba hamsini, na arobaini na moja zinaitwa Kutsoyanis, yaani Yanis kiwete. Yanis huyo alivunjwa mguu na ndugu zake wakigombea malisho. Karani wa serikali alipokuja kuandikisha watu, akauandika ukoo mzima kwa jina lake, pamoja na waliomvunja.

Na kwa kuwa mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake, tulikuwa na akina Stathis Kutsoyanis watano, watatu kati yao wana wa Panayis, kila mmoja na Panayis wake. Ndiyo maana kila mtu ana lakabu. Kaka yangu Stathis alizaliwa na mguu mmoja mfupi, wakamwita Asilia.

"Sisi wengine tumeazima tu," walimwambia mkahawani. "Mwenye jina ni wewe."

Alicheka nao miaka hamsini. Akirudi nyumbani, hasemi neno mpaka kesho yake.

Mwaka wa tano baada ya kumzika tulimfukua, kama ilivyo desturi, ili kaburi lipate mwingine. Niliiosha mifupa yake kwa divai. Binamu yetu Lias, mtunza chumba cha kanisa yanamowekwa masanduku ya mifupa, alisimama kando na sanduku la bati, brashi na rangi nyeusi.

"Andika Stathis Kutsoyanis wa Panayis," nikamwambia. "Basi."

"Ninao wawili wa jina hilo humo ndani, dada Diamando. Siku ya marehemu utamwashia nani mshumaa?"

"Andika mwaka aliozaliwa."

"Miaka nani anaijua? Asilia wanamjua wote." Akaokota mifupa miwili ya paja, akaisimamisha mezani. Mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. "Huyu hata bila rangi anajitambulisha."

Wanawake waliokuja kunisaidia wakacheka. Mke wa Lias alicheka mpaka akakaa chini.

"Irudishe," nikamwambia Lias.

"Leo ndio unaona haya? Lakabu yenyewe alimpa nani?"

Wote walijua. Nilikuwa na miaka tisa, tunatoka kanisani siku ya Pasaka, nami nilitaka wasichana wakubwa wanipende. Nikasema kwa sauti, "Mpisheni Asilia apite." Siku ile walinishika mkono mpaka nyumbani. Yeye alifika baada yetu.

"Basi usiandike kitu," nikamwambia Lias.

"Lisilo na jina halikai, unajua. Nafasi ikikosekana linamwagwa shimoni, na wale wasiojulikana."

"Usiandike."

Akafunika rangi yake.

Mwaka uliofuata walifukuliwa watu sita, nafasi ikakosekana. Nilijua wanafukuliwa. Kila asubuhi nilijiambia nitakwenda nikaandike mwenyewe, lolote, hata lile neno, na kila asubuhi nikachota maji, nikalisha kuku, nikakaa. Siku ya sita Lias akabisha mlangoni, sanduku kwapani.

"Nimeshammwaga, dada. Bati bado zima, utatilia maharage."

Nikamwuliza kama aliiona mifupa ile miwili ikianguka.

"Niliiona. Mfupi ulitangulia," akasema. "Mara yake ya kwanza."

Nami nikacheka, kabla sijajua kwamba ninayecheka ni mimi.