Sauti ya Monowara Nyuma ya Ushungi

Wifi yangu Monowara alikuwa mtu wa kutokwa na mabaka. Baridi ikianza tu, utamwona anajisugua mgongo kwenye nguzo ya baraza. Mabaka mekundu yaliyovimba, yanawasha, yanahama kutoka kiunoni kwenda mapajani kama yana miguu, na jioni hayapo tena. Watu wa kwetu wanayaita amobat, na dawa yake inajulikana nyumba zote za upande wetu wa Khulna: unachemsha majani ya mwarobaini, unaoga, unajizuia kujikuna. Hakuna mtu anayekwenda hospitali kwa sababu ya amobat.

Tulishamzoea hivyo. Mume wangu Shamsul, ambaye ni mdogo wake, alikuwa akimtania kila mara, akimwita Bubu, yaani dada mkubwa kwa lugha yetu.

"Bubu, leo umetuchorea nchi gani mgongoni?"

"India nzima na Burma kidogo," Monowara anamjibu. "Njoo unikune hapa mpakani."

Monowara ni mjane. Anaishi nasi pamoja na mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu na wote tunamwita Amma, na binti yake wa pekee, Jhinuk. Siku ninayoisimulia, Jhinuk alikuwa anaonwa kwa ajili ya uchumba. Wageni walikuwa wametoka Jessore kwa ajili ya kijana wao, na sisi tulikuwa jikoni tangu alfajiri tukitengeneza mikate ya unga wa mchele na sukari guru ya mtende.

Monowara ndiye aliyetwanga mchele. Alipomaliza, kiuno kilikuwa kimekaza hata kuinama hawezi, akaenda duka la dawa sokoni, akarudi na vidonge vya maumivu, akavimeza kwa chai. Vilikuwa vidonge ambavyo hakuwahi kuvitumia, lakini nani anauliza? Mtu akiumwa kiuno, muuza dawa anampa cha kiuno.

Chai yenyewe haijamshuka vizuri akaja akasimama karibu yangu jikoni.

"Lutfa, viganja vinaniwasha. Na nyayo."

"Wewe na mabaka yako. Yamechagua siku."

"Leo si kama siku zote," alisema. Akapandisha mkono wa blauzi. Mkono mzima ulikuwa mwekundu, mabaka yameungana hata huoni ngozi ya katikati.

Amma akaja kuangalia, akashika kichwa. Hakuogopa ugonjwa, aliogopa wageni. "Wakiona hivi watasema ukoo wetu una maradhi ya ngozi. Vaa mikono mirefu. Shusha ushungi mpaka kidevuni. Watakuona una heshima."

Monowara akafanya alivyoambiwa. Gari la wageni lilikuwa tayari linaingia uani.

Walikuwa watu watatu ukiacha dereva: kijana mwenyewe, mama yake aliyeitwa Khurshida, mwanamke mnene mwenye sari ya hariri ya kijani, na baba mdogo wa kijana, Bwana Motaleb, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji. Wakaketi chumba cha wageni. Monowara akakaa pembeni kwenye kiti cha mbao, uso umefunikwa, mikono ameificha ndani ya sari. Mimi nilisimama nyuma yake nikimimina chai.

Jhinuk akaletwa na sinia la mikate, macho chini, kama alivyofundishwa. Bwana Motaleb akaanza maswali. Umesoma mpaka wapi? Unajua kupika samaki wa hilsa bila kumvunja? Kurani umehitimu? Jhinuk alijibu moja moja kwa sauti ya chini. Amma alikuwa anatabasamu.

Kisha Bwana Motaleb akamgeukia Monowara. "Na wewe mama wa binti, mbona kimya? Tuambie, mwanao ana hasira?"

Monowara akajibu kitu. Hatukukielewa.

"Mama ana mafua?" aliuliza Bwana Motaleb.

"Mafua kidogo," Amma alidakia. "Baridi ya mwaka huu imetushika vibaya."

Hapo Jhinuk akainua macho. Mbele ya wageni, binti anayeonwa hainui macho hivyo. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Mama," alisema.

Amma akamkonyeza anyamaze.

"Mama, niite jina langu."

Chini ya ushungi ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye tonge la wali wa moto mdomoni. "Jhi," ilisema, na haikuendelea.

Jhinuk akaweka sinia sakafuni, akavuka chumba, akaufunua uso wa mama yake.

Sikumtambua. Midomo ilikuwa imefura hadi imepinduka, macho yamekuwa mistari miwili, na ulimi ulikuwa haumtoshi mdomoni. Kumbe muda wote ule tulipokuwa tunaongea habari za samaki, yeye alikuwa anahangaika kuvuta pumzi ndani ya kile kitambaa. Sasa kwa kuwa kitambaa kilitoka, tuliisikia pumzi yenyewe: inapiga mluzi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, birika mkononi, hata hatua moja haikututenganisha.

Akajaribu kuinuka, nadhani kwa aibu, ili atoke mbele za watu. Akatapika, akaanguka ubavu.

Chumba kikachanganyikiwa. Amma alikimbilia jikoni, nikamsikia anaita mwarobaini, mwarobaini uko wapi. Shamsul alisimama na simu mkononi akiwa hajui ampigie nani. Jhinuk alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mama yake amekigeuza upande ili asipaliwe na matapishi.

"Gari," alisema. "Baba mdogo, tunaomba gari lenu."

Bwana Motaleb alisita. "Binti, si mabaka haya? Shangazi yangu alikuwa nayo. Mpakeni mafuta ya haradali, mpumzisheni, yatashuka."

"Shemeji," Khurshida alimwambia bila kupandisha sauti, "mtu hapumui. Mwite dereva."

Ndivyo tulivyoondoka. Monowara tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Khurshida, miguu juu ya mapaja yangu. Jhinuk alichuchumaa katikati akimsemesha. Shamsul alikaa mbele na dereva. Kijana aliyekuja kuchumbia alibaki barazani pamoja na Amma na Bwana Motaleb, sahani ya mikate mkononi. Barabara ya kwetu ni ya matofali, gari linaruka, na kila liliporuka nilimwangalia wifi yangu kifuani kama bado kinapanda. Alitapika tena, safari hii juu ya ile hariri ya kijani. Khurshida akamfuta mdomo kwa pindo la sari yake.

Karibu na hospitali ya wilaya ule mluzi ukapungua. Nikamshukuru Mungu, nikidhani amepata nafuu. Daktari, dada mmoja mdogo wa umri, hakufurahi alipousikia umefifia: alisema hewa imekaribia kukosa njia kabisa. Alimtazama mara moja tu akaanza kuagiza huku anatembea. Miguu yake iinuliwe. Oksijeni. Akamchoma sindano ya paja palepale juu ya machela, hakungoja kitanda. Akasubiri, ameshika mkono wake, anahesabu mapigo. Akamchoma ya pili.

Sisi tulikuwa tumesimama ukutani. Hakuna aliyelia. Nafikiri tulikuwa hatujafika hapo pa kulia.

Taratibu pumzi ikaanza kuingia. Rangi ikarudi kwenye kucha. Monowara akavuta barakoa ya oksijeni pembeni, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Wageni wamekula?"

Khurshida akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akaangua kilio.

Amma alifika baadaye kwa bajaji ya betri, na chupa ya maji ya mwarobaini mkononi. Daktari alimkalisha kwenye benchi.

"Lakini daktari, ni mabaka yaleyale," Amma alisema. "Miaka yote anayo. Hayajamuua."

"Mabaka peke yake hayana haraka, nyanya. Yakiwasha, mpeni kidonge cha mzio, na yakizidi wiki kadhaa aje tumwone. Lakini yakitoka pamoja na midomo au ulimi kuvimba, sauti ikabadilika, pumzi ikawa ngumu, akatapika, akaona kizunguzungu, hapo msikae kuchemsha kitu. Ni hospitali."

"Mimi ndiye niliyemfunika uso," Amma alisema.

Daktari alieleza kwamba vile vidonge vya kiuno tulivyomtajia ndivyo alivyovishuku, na kwamba asiviguse tena maishani. Akamlaza mpaka kesho yake, kwa kuwa hali hiyo, alisema, huweza kurudi mtu akidhani imeshapita. Amma hakutoka kando ya kitanda. Kila Monowara aliposinzia, aliweka kiganja mbele ya pua yake.

Uchumba haukufungwa. Bwana Motaleb alimpigia simu Shamsul kumwambia binti ni mwema lakini ana ujasiri mwingi, na isitoshe katika ukoo kuna maradhi. Shamsul alimshukuru kwa gari, akakata simu.

Khurshida alikuja mwenyewe mwezi uliofuata, peke yake, kwa basi. Alimletea Monowara machungwa, wakakaa barazani kutwa nzima wakicheka kama wamesoma shule moja. Wakati wa kuondoka alimkumbatia Jhinuk.

"Nilikutaka wewe," alimwambia. "Wanaume wa kwetu ndio wameshindwa."

Jhinuk alimsindikiza hadi kituoni. Aliporudi nikamuuliza kama ana majonzi.

"Yule mama nilimpenda sana," alisema. "Mwanawe hata sura siikumbuki."