Mkono wa Shija Kwenye Hatua ya Sita

Usiku wa jana niliota, mimi ambaye kiwanda kizima cha sabuni hakuna wa kunishinda kuandika maelekezo ya mashine. Wenzangu msimamizi akiwaambia waandike wanavyofanya kazi, wanatokwa jasho kuliko wakibeba magunia. Mimi yale ya mashine ya kukata miche ya sabuni niliyamaliza kantini, kwa chai moja. Hatua tisa. Nikatia na sahihi palipoandikwa "Aliyejaribu". Leo asubuhi Shija, ninayepanga naye chumba, anahamishwa kutoka kufungasha aende kuiendesha. Hajawahi. Atafuata karatasi yangu.

Basi, naota niko kiwandani. Kiwanda kimehamia darasa letu la kidato cha pili, hakuna anayeshangaa. Povu linadondoka darini taratibu, kama manyunyu ya mvua. Shija amesimama kwenye mashine, mkono umezama ndani. Ameota ndevu nyeupe mpaka tumboni.

"Shija, unafanya nini humo?"

"Hatua ya sita. 'Ingiza mkono, ondoa kipande kilichokwama.' Nimeshaondoa."

"Si uutoe sasa!"

"Hatua ya ngapi hiyo?"

Natazama karatasi. Hatua hiyo haipo.

Juu ya mkono wake kisu kinaning'inia, kinatetemeka. Mashine inaongea kwa shida, kama mtu aliyebana pumzi.

"Kijana, hatua ya tano umeniambia nikate. Ya sita umemwambia aingize mkono. Mimi kuzimwa, umeandika wapi?"

"Kila mtu anajua lazima uzimwe kwanza!"

"Kila mtu ndiye nani? Zamu yake lini?"

Mashine inauliza nani alijaribu. Sahihi yangu inashuka kwenye karatasi, inatembea kama mjusi mwenye njaa, inasimama katikati ya sakafu.

"Nilijaribu mimi, peke yangu," inasema. "Mwenyewe alikuwa anakula chapati."

Nachomoa kalamu niongeze mstari mmoja tu: zima mashine. Kalamu inakataa.

"Marekebisho yanapita kwenye kikao. Kikao Alhamisi."

"Leo Jumatatu!"

"Pole," inasema kalamu.

Shija hanilaumu. Ananiangalia tu, kwa upole unaouma. "Andika vizuri, mwanangu," ananiambia. "Mimi nasoma."

"Pumzi imeniishia," inasema mashine.

Kisu kinashuka.

Nikashtuka. Kumekucha. Shija kakaa ukingoni mwa kitanda chake anavaa buti. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia kuna mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, umezunguka mkono wote.

"Umeulalia mkono vibaya nini?" nikamuuliza, nikijitahidi kucheka.

"Mimi nimelala vizuri. Wewe ndiye umepiga kelele mpaka jogoo kanyamaza." Akafunga kamba taratibu, akaniinulia macho. "Umesema hujawahi kuigusa ile mashine. Mara tatu umesema. Haya, niambie ukiwa macho."