Jina la Hamsini

Baba alilaza karatasi mezani, akaibana kwa sahani ya siagi isipeperushwe na upepo wa mlangoni. Majina arobaini na tisa. Yalitakiwa hamsini.

Siku hizi watu wakimsifu kaka yangu Lachlann, meja mzima, husema uofisa umo katika damu yetu. Mimi dada yake nilikuwepo ulipopatikana. Mwenye bonde alimwambia baba: niletee wanaume hamsini wa jeshi langu, mwanao atakuwa kapteni, ukishindwa, ardhi unayokodi nampa mwingine. Baba naye akawageukia wapangaji wetu wadogo: toeni mtu, au hameni.

"Bado Fearchar," alisema bila kuniangalia.

Fearchar mhunzi alikuwa mchumba wangu. Harusi ilibakiza wiki tatu.

"Si ulisema yeye atabaki, baba?"

"Nilisema kabla mtoto wa mpangaji MacRath, aliyekuwa wa hamsini, hajavunjika mguu. Nenda ukamwombe wewe, Oighrig. Mimi ataniponda kwa nyundo."

Lachlann alikaa pembeni ndani ya koti jipya jekundu, vifungo vimepishana. Mama aliinamia chungu cha uji wa shayiri, asiinue uso. Ningekataa, sote tungelala kwenye theluji, na mama yake Fearchar pia.

Nilimkuta Fearchar akivukuta moto. Aliponisikiliza hadi mwisho, aliuacha mvukuto.

"Anayeniomba ni baba yako, au ni wewe?"

Ningemtaja baba, angekataa.

"Ni mimi."

Akacheka kidogo. "Basi mwambie kapteni wetu ajifunze kufunga vifungo."

Waliondoka Jumatatu. Mwaka wa pili, homa ya visiwa vya joto ilimmaliza Fearchar kabla hajafyatua hata risasi moja. Lachlann alirudi na cheo. Mimi sikuolewa.

Kila Jumamosi nilimpelekea mama yake Fearchar, Seonaid, maziwa. Alinipokea kizingitini, akashukuru, akarudi ndani bila kunikaribisha. Miaka kumi na moja. Kisha majira fulani ya baridi miguu ilimshinda, nikakuta mlango uko wazi, naye ameketi kando ya moto.

"Mama," nikasema pale kizingitini, maziwa mkononi, "mimi ndiye niliyemwomba aende."

Alisukumia kuni motoni.

"Aliniambia siku ileile," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akajifunika shali. "Hebu funga mlango, baridi inaingia."

Nikaufunga nyuma yangu. Nilikuwa ndani.