Bingwa wa Wagonjwa

Kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi ya ndondi paliandikwa kwa rangi nyekundu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Herufi zilikuwa kubwa kiasi cha kusomeka hata na mtu aliyevimba jicho, lakini hapakuwa na bondia aliyezitii. Kila aliyepigwa alikuwa na sababu yake. Mmoja mkono ulimteguka kabla ya pambano, mwingine alikula kitu kibaya, mwingine glavu zilimbana, mwingine mwamuzi alikuwa amemwoa binamu ya mpinzani. Kocha aliwasikiliza wote, akawaambia pole, akaendelea kukunja bendeji zake. Alijua kwamba mtu aliyepigwa mbele ya majirani hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Wenyewe walikuwa na utani wao, kwamba tangu chumba kile kijengwe hajawahi kushindwa mtu akiwa mzima.

Tofali naye alikuwa na sababu yake. Ya kwake ilikuwa homa.

Sasa alikuwa mzee, fundi wa makochi, na banda lake mbele ya nyumba lilijaa fremu zilizovuliwa vitambaa na vumbi la sponji. Vidole vyake, vilivyoumia sana ujanani, havikuweza tena kushika sindano ndogo, hivyo alishona kwa ile kubwa iliyopinda. Lakini ujana huo ulikuwa na siku moja kubwa kuliko zote, siku aliyopanda ulingoni kugombea mkanda na Bubu.

Bubu alikuwa na ulimi kama watu wote, ila hakupenda kuutumia. Alishika ubingwa mpaka akastaafu nao, bila kupigwa na mtu. Na siku alipokutana naye, Tofali alikuwa buheri wa afya. Hajawahi kuwa vile kabla wala baadaye. Alikuwa amelala vizuri, amekula vizuri, na pumzi anayo ya kuazima watu. Akapigwa raundi zote. Hakuanguka, maana jina la Tofali hakulipata bure, lakini ngumi zake hazikumfikia Bubu ila mabegani. Aliposhuka ulingoni alijua jambo ambalo hakuna bondia anayependa kulijua: mtu yule amemzidi, na wakirudiana kesho atamzidi tena.

Mkewe alikuwa bado bibi harusi, na alikuwa ameshawaambia dada zake kwamba mkanda unakuja nyumbani. Alipofungua mlango, Tofali aliyaona macho yale akaogopa kuliko alivyoogopa ngumi.

"Nilikuwa na homa," akasema.

Basi, ikawa hivyo. Kwa siku kadhaa mwili ulimtetemeka kwa kipigo, naye mke akamkanda kwa kitambaa cha maji huku akiwalaani viongozi waliomruhusu mgonjwa kupigana. Wahenga walimtungia methali mficha maradhi. Anayejizulia maradhi walimwacha, labda hawakudhani kama yupo.

Tena wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Tofali haikuwa na mwisho. Mke aliwaambia dada zake, dada wakawaambia waume zao, na miaka ilivyokwenda homa nayo ikawa inapanda. Mtu akileta kochi lake banda la Tofali, hakukosekana wa kumnong'oneza: huyu unayemwona, na homa yake, alisimama na Bubu mpaka kengele ya mwisho, angekuwa mzima pasingetosha. Watoto wake walikua wakijua kwamba baba alikuwa bingwa, ila siku hiyo aliumwa. Tofali hakuongeza neno, wala hakupunguza. Alishona.

Kuna siku Bubu mwenyewe alikuja bandani. Wote wawili walikuwa wameshaacha ngumi. Alileta mto wa kiti uliolala, akakaa kwenye benchi pamoja na wateja wengine, akangoja mpaka Tofali akamaliza kupigilia kitambaa.

"Nina jambo moja tu," Bubu akasema. "Ile homa. Ilikuwa kweli?"

Mlangoni mke alikuwa anapepeta mchele, na ungo ukasimama mikononi mwake.

"Ilikuwa kali," Tofali akasema.

Bubu akainuka kwenye benchi. Kisha akasema, "Basi pole, ndugu yangu," akaacha mto wake, akaenda. Hakuwahi kuuliza tena. Tofali aliujaza mto ule sponji bora kuliko yote aliyokuwa nayo, ujinga wa mtu anayedhani deni la namna ile linalipwa kwa sponji.

Bubu akafa. Chama cha ndondi kilikuwa kinamalizia ukumbi mpya, na wengi walisema ukumbi upewe jina lake. Ndipo akatokea mtangazaji mmoja wa redio, kijana mwenye sauti tamu na akili isiyolala, akauliza swali ambalo si la kijinga hata kidogo. Bingwa, alisema, hapimwi kwa idadi ya aliowapiga. Anapimwa kwa ubora wao. Ukitaka kujua urefu wa mtu, angalia amesimama karibu na nani. Bubu alipigana na nani? Na kwa kuwa alikuwa mchapakazi, akachukua kinasa sauti chake akawafuata wapinzani wote waliokuwa hai, mmoja mmoja, hadi majumbani mwao.

Kila mmoja akampa sababu yake. Mbele ya wake zao na wajukuu wao, wangempa nini kingine? Tofali naye, mkewe akiwa kasimama nyuma ya kiti, alisimulia homa yake bila kujikwaa, maana alikuwa ameshaisimulia mpaka ikalainika.

Mtangazaji akazipanga sauti zile zikafuatana, akazitoa hewani siku moja asubuhi. Tofali alikuwa anachomoa misumari kwenye kochi la watu. Akamsikia wa mkono. Akamsikia wa tumbo, ambaye walifanya mazoezi pamoja, na aliyejua wazi kwamba tumbo lile lingeweza kusaga mawe. Akamsikia wa glavu, na wa mwamuzi, na mwisho akajisikia mwenyewe. Mtangazaji akavuta pumzi, akasema, "Wasikilizaji, marehemu tumpe haki yake. Alikuwa bingwa wa wagonjwa." Jirani aliyekuwa akisikiliza dirishani akacheka mpaka akakohoa.

Tofali hakucheka. Ilimwingia kama baridi. Kila mmoja wao alikuwa amechota kiganja kimoja tu kwenye gunia la mtu, akidhani anachota peke yake, na sasa gunia lilikuwa tupu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani kulia na asiweze.

Wiki ile ile mjane wa Bubu akaja. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu kama mumewe. Akakataa kiti.

"Shemeji, Jumamosi wanakaa kuamua jina la ukumbi," akasema. "Najua uliumwa. Sikulaumu. Lakini wewe ndiye ulifika mwisho, wewe ndiye watu wanakuheshimu. Nakuomba useme tu kwamba ulikuwa mzima. Sema hata kama si kweli. Wakikusikia wewe, watanyamaza."

Tofali akafungua mdomo. Mkewe akatokea na vikombe vya chai, akamshika mgeni mkono, akampa pole. Tofali akafunga mdomo, akapokea kikombe.

"Nitakuja," akasema.

Hadi Jumamosi hakupata usingizi wa maana. Si kwamba hakujua la kusema. Alijua, na kwa mara ya kwanza lilikuwa ni kweli tupu. Kilichomtesa ni mkewe. Mama yule alikuwa ameishi na homa ile kama watu wanavyoishi na shamba la urithi. Aliitegemea, aliisimulia, aliwalelea watoto ndani yake. Mara mbili Tofali alisema, "Mama, kuna kitu nataka kukwambia," na mara zote mbili akamwomba chumvi.

Ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi. Wajumbe walikaa mezani mbele, mtangazaji pembeni yao na kinasa sauti chake, na watu wengine kwenye viti vya plastiki. Wapinzani wengine hawakuja. Mmoja alituma salamu kwamba anaumwa. Mjane alikaa mstari wa mbele peke yake. Mke wa Tofali alivaa gauni lake la harusi za watu, akakaa mahali atakapoonekana.

Mwenyekiti akamwita Tofali. Akasimama, akashika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Nilikuwa mzima," akasema. "Homa niliizua mimi. Sijawahi kuwa mzima kama siku ile. Nilimrushia kila nilichokuwa nacho, na yule mtu alikuwa anasogea kushoto, kidogo tu, nusu ya hatua, na mkono wangu wa kulia unakuta hewa. Raundi ya tatu nikadhani taa zinanichezea. Ya tano nikajua ni yeye. Na hao wengine nawajua, nimelala nao chumba kimoja. Walikuwa wazima wote. Tulipigwa tukiwa wazima, tukaona haya. Mnamuuliza Bubu alipigana na nani. Alipigana na sisi, na sisi tulikuwa wazuri."

Alipomaliza akakiachia kile kiti. Kwa kitambo kidogo alidhani mambo yamekwisha vizuri.

Mtangazaji akasimama. Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lilikuwa baya.

"Mzee wangu, heshima yako," akasema. "Marehemu anahitaji watu kama wewe. Lakini kazi yangu ni kuuliza." Akabonyeza kinasa sauti. Sauti ya Tofali ikatoka, imetulia, haina wasiwasi, inaeleza jinsi meno yalivyokuwa yanagongana akifungwa glavu. Ilikuwa sauti ya mtu mkweli. Ukiilinganisha na ile ya mzee aliyetetemeka pale mbele, hata mtoto angejua ni ipi ya kuamini.

"Tuna shahidi," mwenyekiti akasema. "Mama, wewe uliishi naye. Tuambie."

Mkewe akainuka taratibu, akanyoosha gauni.

"Mume wangu mtamsamehe," akasema. "Moyo wake ndivyo ulivyo. Huyu anaweza kuvua shati akampa maiti. Mimi ndiye niliyemkanda. Godoro lililowa jasho, ikabidi tulianike. Alikuwa anaweweseka."

"Kilikuwa kipigo, mama," Tofali akasema. "Kilikuwa kipigo cha Bubu."

Watu wakacheka, lakini kwa upendo, na mmoja nyuma akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Walisimama wakampigia makofi mzee aliyekuwa tayari kujishusha ili amsitiri marehemu. Tofali akageuka huku na huku akisema hapana, hapana, na kadiri alivyosema ndivyo makofi yalivyozidi.

Wajumbe hawakuchukua muda. Ukumbi ukapewa jina la mtaa. Bubu, mwenyekiti akasema, ataheshimiwa kwa njia nyingine itakayofikiriwa siku za mbele, na kila mtu aliyekuwepo alijua maana ya maneno kama hayo. Halafu, kwa kauli moja, wakamwomba Tofali ndiye akate utepe siku ya ufunguzi.

Alimkuta mjane kwenye ngazi za nje. Manyunyu yalikuwa yameanza, naye alikuwa anahangaika na mwavuli wenye kijiti kimoja kilichovunjika. Tofali akamshikia mkoba.

"Usijilaumu, shemeji," mjane akasema. "Umejitahidi."

"Shemeji, nisikilize. Sikusema vile ili kukusaidia. Nimesema kilichokuwepo. Nilikuwa mzima."

Mwanamke akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ukalegea kidogo.

"Unajua, wale wengine hakuwahi kuwajali," akasema. "Alikuwa akiwasikia na visingizio vyao anacheka. Alijua wanadanganya. Wewe tu ndiye ulimnyima usingizi. Tangu siku ile aliyokuja kwako na mto, alisema yule si mtu wa uongo, kama anasema aliumwa basi aliumwa. Mpaka hospitali, siku za mwisho, ananiuliza: hivi Tofali angekuwa mzima, ningemweza? Mimi ningemjibu nini, shemeji? Sijui ngumi."

Mvua iliwalowesha wote wawili. Tofali alitaka kumshika mkono, akaona hana haki hiyo.

"Angeniweza," akasema. "Aliniweza. Nakuapia."

"Najua," mjane akasema kwa upole, akachukua mkoba wake. "Mungu akulipe kwa uongo wako, shemeji. Natamani angekuwepo akausikia."

Akafungua mwavuli, akashuka ngazi. Ndani watu walikuwa wanapanga viti, na mkewe alikuwa amesimama mlangoni akimweleza mtangazaji, polepole ili anase vizuri, jinsi homa ile ilivyokuwa.