Soma Kosa kwa Sauti

Herieth mie Lusungu ndiye niliyemfundisha. Nasema mapema, maana siku hizi toka Manzese mpaka Gongo la Mboto, kila anayejifunza Kitufe anamtaja yeye tu. Kitufe ni jukwaa la kutengenezea programu za simu za vitochi, zile ndogo za vibonyezo. Wanaolijua hapa mjini ni wa kuokoteza, na mie ndiye niliyeanza kuwasaidia wachanga kwa bei ya chipsi mayai. Unanitumia WhatsApp kazi yako iliyogoma, nakunyooshea, yameisha.

Nina sharti moja. Programu ikiandika kosa kwenye kioo huniandikii, unalisoma kwa sauti, neno kwa neno, unanirekodia. Ukilisoma hivyo, nusu ya shida unaiona mwenyewe. Herieth siku ya kwanza alilia kwa sharti hilo. Leo ana kundi lake, bei yake chini ya yangu, na wanafunzi wangu wamehamia huko kimya kimya, hata Benedicta niliyekuwa namrushia bando langu mwenyewe. Roho iliniuma, sikufichi. Nikiona picha yake ya WhatsApp anacheka, naona ananicheka mie.

Kilichonimaliza ni wenye Kitufe kutangaza wanaajiri msaidizi mmoja wa Dar nzima, na wanaojifunza ndio watakaompigia kura. Kazi hiyo ilikuwa yangu, we acha tu. Nikaona huyu binti lazima aumbuke mbele ya watu wake kabla kura haijapigwa.

Nikaazima laini ya dada yangu Margareta, nikaingia kwenye kundi la Herieth kama mwanafunzi mpya, nikajiita Anna. Nikauliza swali lililonishinda hata mie: nimetengeneza programu ya kupanga majina ya kwenye simu, lakini kila nikiifungua inazima. Nikatulia kusubiri ababaike.

Akajibu kabla sijameza mate. "Karibu Anna. Humu hatuandiki kosa. Lisome kwa sauti, utume."

Sharti langu, jamani! Kunyamaza ningeonekana mbabaishaji, na swali lingekufa hapo hapo bila yeye kuguswa. Nikabana pua, nikalisoma lile kosa la Kiingereza kirefu kwa kasauti ka kitoto, nikatuma. Ikaingia sauti ya Herieth.

"Da Lusungu, shikamoo, sauti yako naijua. Programu yako inaomba majina kabla mwenye simu hajaruhusu. Iache isubiri aruhusu kwanza, ndiyo iyaombe."

Zikamiminika shikamoo za wanafunzi wangu wa zamani. Benedicta akaandika kwamba hakujua kumbe na mie bado najifunza. Herieth akamjibu palepale, wote wakisoma.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma kosa kwa sauti. Leo na sie tumsaidie."

Wanisaidie! Mie! Nikaitupa simu kitandani, nikafungua kompyuta nithibitishe kakosea. Nikabadilisha pale pale aliposema, nikaijaribu kwenye kitochi changu cha siku zote. Haikuzima. Majina yangu yote yakajipanga vizuri, na katikati yake likakaa la kwake, vilevile nilivyolihifadhi alipokuja mara ya kwanza: Herieth Mwanafunzi.