Harufu ya Lozi Dukani kwa Vinod

Tangu Zahra afariki, Harith alikuwa mtu wa kahawa kavu, bila halua. Halua za madukani alizionja zote akazitia kasoro: hii imelowa, hii inanata kama gundi, hii lozi zake za kutafuta kwa tochi. Ukweli ni kwamba hakuna hata moja iliyonukia kama ile ya sufuriani mwa mkewe, na harufu ile ndiyo aliyokuwa akiitafuta London nzima.

Jumamosi akenda Rayners Lane na chupa yake ya kahawa, dukani kwa Vinod, Mhindi wa Kisumu waliyeendesha naye mabasi zamani. Alipoingia tu akasimama, kama mtu aliyeitwa jina.

"Nani kapika halua humu?"

"Halua wapi, mzee? Madhu anatengeneza keki yake." Vinod akaonyesha jikoni nyuma, aliko mkewe, akainua chupa iliyo wazi, rangi ya asali. "Amaretto. Pombe ya Waitaliano, ya lozi. Kaa mbali, utaenda motoni!"

"Afadhali huko. Hapa kwako hata heater huwashi."

Lakini alisogea. Akafumba macho, na Zahra alikuwepo, mwiko mkononi, akimgombeza asidokoe.

"Jina hilo lina maana gani?"

"Chungu kidogo."

"Mbona inanukia tamu hivi?"

"Wewe si uliniambia jina Harith maana yake mkulima? Maisha yako umepanda hata mchicha?"

Harith akacheka mpaka macho yakalowa. Yalipolowa, hayakukauka upesi.

Vinod akaacha mzaha. "Chukua, rafiki yangu. Uiweke tu, uwe unanusa."

"Nyumba ile Zahra kaisalia miaka yote, leo niitie pombe? Atanijia ndotoni na mwiko wake."

"Basi nitie tone kwenye leso."

"Halafu leso hiyo nikasalie?"

Hapakuwa na njia ya kwenda nayo. Harith akavuta kiti mpaka karibu na chupa ile ya Amaretto, akamimina kahawa vikombe viwili. Akavuta harufu kwanza, ndipo akapiga funda, kama alivyokuwa akianza na kipande cha halua. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, kahawa ilishuka vizuri.

Madhu akaita kutoka nyuma. Keki ilikuwa tayari. Vinod akachukua kifuniko aifunge chupa.

"Ngoja bwana," alisema Harith. "Sijamaliza kahawa."

Vinod akakitazama kikombe kitupu cha mwenzake, akakirudisha kifuniko mezani.